Bega la barabara si makombo

"Tegen!"

Sauti inaanzia mbele, inapokewa na wa pili, wa tatu, mpaka inanifikia mimi wa saba, nami naipitisha kwa walio nyuma yangu. Maana yake kuna mtu anakuja, jibaneni kulia. Tunajibana. Anapita bibi mwenye mvi, kikapu mbele ya usukani, mbwa ndani ya kikapu, wala hapunguzi mwendo. Sisi tuko kwenye kilomita 34 kwa saa, gurudumu langu la mbele liko shubiri moja tu nyuma ya tairi la mwenzangu, na upepo wa bahari unatupiga ubavuni. Siogopi hata kidogo. Nimekuwa nikitafuta siku nyingi namna ya kuwaeleza watu wa nyumbani kitu nilichokipata huku, na nadhani ni hicho: niko juu ya baiskeli, barabarani, na siogopi.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Nilisoma uhandisi wa ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, nikitafiti lami. Baiskeli ya mbio niliinunua mwaka wa pili, kuukuu, kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama. Tangu hapo siku za kazi naipima barabara maabara, na mwisho wa juma naipima kwa viganja vya mikono.

Watu wa nyumbani wakiona picha zangu huuliza mambo mawili: gari lako liko wapi, na unarudi lini.

La gari nalielewa. Kwetu vyombo vina ngazi. Mtu anaanza na baiskeli, akijaliwa anapata pikipiki, Mungu akizidi kumfungulia anapata gari, na kuonekana tena juu ya baiskeli ni kuporomoka. Baba yangu mdogo ndiye aliyenisomesha, kwa pamba aliyoifunga kwenye keria ya baiskeli yake nzito aina ya Foniksi na kuikanyaga hadi ghala la chama cha ushirika. Aliponiona kwenye picha nimevaa kaptura ya kubana, nimeinama juu ya usukani, alinipigia simu akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nilikanyaga ili wewe usikanyage." Nilikosa jibu. Bado naliheshimu neno lake, na haya ninayoandika kwa sehemu kubwa ni jibu nililochelewa kumpa.

Nianze na kazi, maana ndiyo iliyonileta. Barabara kuu nyingi za Uholanzi zimefunikwa lami yenye matundu: karibu asilimia 20 ya ujazo wake ni hewa. Mvua inazama humo badala ya kutuama, na ngurumo za matairi zinamezwa. Ubaya wake ni kwamba kokoto za juu zimeshikana kwa sehemu ndogo sana, na lami ikizeeka kwa jua na hewa zinaanza kunyofoka moja moja. Hapa Delft walibuni njia ya kuchanganya nyuzi za chuma ndani ya lami. Koili yenye umeme ikipita juu yake, nyuzi zinapata moto, lami inalainika, na nyufa ndogo zinajifunga zenyewe. Mwaka 2010 kipande cha barabara kuu ya A58 kilitandikwa lami hiyo. Niliisoma habari hiyo nikiwa Dar es Salaam, nimekaa kwenye ngazi za maktaba, na nilijua papo hapo nataka kufanya kazi na watu wanaofikiri hivyo kuhusu barabara.

Anayesomea uzamivu huku kwa kawaida ni mwajiriwa. Ana mkataba, mshahara, likizo, mchango wa pensheni. Mashine ikiharibika, fundi wa maabara anaitengeneza, nami naendelea na kazi nyingine siku hiyo hiyo. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja chuoni, mwenye akili kuliko mimi na sisemi hivi kwa unyenyekevu, anafanya uzamivu wake nyumbani huku akifundisha madarasa matatu makubwa, anasahihisha mitihani hadi usiku wa manane, na utafiti anaufanya Jumamosi. Kifaa chake kimoja kilisubiri kipuri kwa mwaka mzima. Lakini swali lake ni kubwa kuliko langu. Mimi natafuta jinsi ya kuiongezea barabara nzuri miaka michache ya uhai. Yeye anatafuta kwa nini lami ya nyumbani inakunjamana na kuchora mifereji chini ya malori kabla ya wakati wake, jambo linalogusa kila gunia la mahindi linalokwenda sokoni. Nikiwa na vifaa vyake ningekata tamaa. Akiwa na vifaa vyangu angefika mbali.

Hayo ya kazi yanajulikana, kila aliyeko ughaibuni ameshayasema. Ninachotaka kukizungumza hasa ni baiskeli.

Huku ni chombo cha kila mtu. Nchi ina baiskeli nyingi kuliko watu. Profesa wangu anakuja kazini kwa baiskeli, mvua inamchuruzika puani, na hakuna anayemwonea huruma. Baiskeli yenyewe ni somo la heshima: watafiti wa chuo hiki walikuwa miongoni mwa walioonyesha mwaka 2011 kwamba baiskeli inaweza kujisimamisha yenyewe ikiwa mwendoni, hata ukiondoa sababu mbili zilizokuwa zikitajwa vitabuni kwa miaka mingi, yaani nguvu ya magurudumu yanayozunguka na jinsi gurudumu la mbele linavyogusa ardhi nyuma kidogo ya mhimili wa usukani. Kuna hata mashindano ya kupambana na upepo wa mbele, kilomita 8.5 juu ya ukuta wa kuzuia bahari wa Oosterschelde, kwa baiskeli za kawaida zisizo na gia, na hayafanyiki mpaka dhoruba iwe kali ya kutosha.

Ukiona yote haya ni rahisi kusema, aa, hawa wamezaliwa hivyo, iko kwenye damu yao. Nami niliamini hivyo mwaka wangu wa kwanza. Si kweli. Baada ya vita Waholanzi nao walikimbilia magari, wakabomoa mitaa kuyapisha. Mwaka 1971 waliokufa barabarani walizidi 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani na kampeni yenye jina la kutisha, Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaziona barabara zao zikiwa tupu. Kuanzia hapo wahandisi walibadilisha walichokuwa wakikichora. Njia ya lami nyekundu ninayopita kila asubuhi ilipatikana kwa sababu watu walizika watoto na kukataa kuendelea kuzika. Hilo ndilo linalonipa moyo. Kilichoamuliwa na watu, watu wengine nao wanaweza kukiamua.

Sasa nirudi nyumbani.

Usukuma ni nchi ya baiskeli. Ardhi ni tambarare, vijiji vimetawanyika, na baiskeli ilikuwepo muda mrefu kabla ya bodaboda. Inabeba maji, mkaa, mgonjwa, bibi harusi, kitanda cha futi tano kwa sita. Shinyanga mjini watu wamepanda daladala za baiskeli miaka na miaka. Foniksi tupu ina uzito wa kama kilo 20, mara mbili na zaidi ya baiskeli ninayoendesha huku, na watu wanaikanyaga ikiwa na mzigo unaowazidi wao wenyewe.

Likizo moja nilikwenda na baiskeli yangu. Siku ya tatu nilitoka alfajiri kwenye barabara kuu moja ya huko, upepo wa mbele, na kijana mwenye madumu mawili ya maziwa akanikamata. Hakunipita. Alikaa nyuma yangu, karibu kabisa, kimya, kilomita baada ya kilomita. Nilipogeuka akacheka: "Endelea tu kaka, wewe unanikatia upepo." Hakuna aliyemfundisha. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Bert Blocken wa Eindhoven walichora kundi la waendeshaji 121 kwenye kompyuta, wakapima pia kwenye handaki la upepo, wakakuta kwamba aliye katikati kuelekea nyuma ya kundi anakabiliana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa ambao angeupata akiwa peke yake. Kijana wa maziwa anaijua habari hiyo kwa mapaja. Tulipokezana mbele mpaka alipokata kona kwenda kwa wateja wake, na ninasema wazi kwamba katika safari zangu zote za huku, pamoja na lami yao laini, sijapata mwenzi wa njia niliyemfurahia kama yule.

Dakika kumi baada ya kuachana naye nilivunjika mtulinga.

Ilikuwa hivi. Lori linatoka nyuma, basi linatoka mbele, na barabara ina njia mbili tu. Honi ikalia. Kila mwenye baiskeli kwetu anaijua maana ya honi ile: shuka. Nikashuka kwenye bega. Lakini barabara ile ilikuwa imeongezwa tabaka jipya la lami, na tabaka lile liliishia kwenye mstari mweupe. Bega lilibaki chini, kwenye kimo chake cha zamani. Ulikuwepo ukingo wa kama sentimita sita, mkali kama wa ngazi. Gurudumu la mbele liliteremka, likateleza kwenye kokoto zilizolegea, nikajaribu kulirudisha juu, ukingo ukaligoma. Nakumbuka nikiwa chini, shavu langu limelala sambamba na ule ukingo, naona tabaka la lami kwa ubavu: nyeusi, imeshindiliwa vizuri, kokoto zimepangika, kazi safi kabisa. Nilikuwa natazama kazi nzuri ya uhandisi iliyoishia hatua moja kabla ya mahali nilipokuwa.

Dereva wa lori simlaumu sana. Na yeye hakuwa na pa kwenda. Sisi watatu, yeye, basi na mimi, tuligawiwa upana usiotutosha, na aliyeugawa alikuwa mtu wa taaluma yangu, mezani, kwa penseli au kompyuta.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kwetu bega la barabara linachukuliwa kama makombo: kinachobaki baada ya magari kushiba. Kwenye michoro linaelezwa kuwa ni pa kuegesha gari bovu na pa kuzuia kingo za lami zisimomonyoke. Njia ya magari inapewa lami nene iliyochanganywa mtamboni. Bega, likipewa kitu, linapewa tabaka jembamba la lami ya kupuliza na kokoto za kumwaga juu, na fedha zikipungua ndilo la kwanza kufyekwa. Lakini simama kwenye barabara yoyote kuu ya Kanda ya Ziwa saa kumi na mbili asubuhi uhesabu ni nani yuko kwenye bega. Wanafunzi. Akina mama wa sokoni. Wauza mkaa. Kwao bega ndiyo barabara.

Tatizo limeingia hadi kwenye vipimo vyetu. Duniani kote ulaini wa barabara unapimwa kwa kipimo kinachoitwa IRI, kilichotokana na majaribio yaliyofanyika Brazili mwaka 1982 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ni kipimo kizuri, mimi mwenyewe nakitumia. Ila kinakokotolewa kwa kufikiria robo ya gari, gurudumu moja na springi yake, likipita kwa kilomita 80 kwa saa. Kinasikia mawimbi yanayomsumbua abiria wa gari. Mkwaruzo wa kokoto za milimita 14 unaomezwa na tairi la gari, lakini unaomtia mwenye baiskeli ganzi vidoleni, hakiusikii. Barabara inaweza kupata alama nzuri kwenye ripoti huku ikimtesa kila anayeipita kwa magurudumu mawili. Na mateso hayo yana gharama. Waendeshaji wa mbio zamani walitumia tairi za milimita 23 zilizojazwa upepo mpaka zikawa kama mbao. Siku hizi wengi wako kwenye 28 au 30, upepo mdogo zaidi, kwa sababu imeeleweka kwamba tairi gumu kwenye lami ya kweli linarukaruka, na kila mruko ni nguvu ya mguu iliyopotea bure. Sasa mfikirie aliyebeba mkaa.

Nilipopona nilianza kuweka kihisi cha mtikisiko kwenye usukani wangu, kidogo kama kiberiti, na nimeongeza sura moja kwenye utafiti wangu kuhusu lami inavyosikika na mwenye baiskeli. Profesa aliuliza swali moja tu: kwa nini hukuanza mapema?

Najua jibu la kwanza nitakalopewa na wenzangu wa nyumbani, kwa sababu mimi mwenyewe nililitoa nilipokuwa huko: fedha hazitoshi. Basi tukae kwenye hesabu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalitupa kanuni ambayo kila mhandisi wa barabara anaijua: uharibifu wa barabara unapanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Chukua baiskeli yenye mzigo na mtu wake, jumla kilo 150, kilo 75 kila gurudumu. Ilinganishe na ekseli ya tani 10. Uzito umezidi mara 133 hivi, na kwa kipeo cha nne uharibifu unazidi mara milioni 300. Hata kanuni ikikosea sana kwenye uzito mdogo namna hiyo, baiskeli haiwezi kuiharibu lami kamwe. Bega likilainishwa kwa ajili yake, adui wake ni jua, maji, na malori yanayopanda humo. Malori ndiyo kikwazo cha kweli, sikifichi: bega jembamba likigeuzwa kituo cha kuegesha litabomoka mwaka wa kwanza. Kwa hiyo lazima maegesho yatengwe kwenye vituo vyenye biashara, na bega lilindwe. Hilo linahitaji usimamizi zaidi kuliko lami.

Ningeomba mambo madogo. Tabaka jipya likiongezwa, livuke mstari mweupe liende hadi mwisho wa bega, au angalau ukingo uchongwe uwe mteremko. Kokoto za juu za bega ziwe ndogo, milimita 7, si 14. Na yale matuta ya kupunguza mwendo yaachiwe upenyo pembeni, maana mwenye baiskeli hana mwendo wa kupunguzwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji teknolojia ya Delft.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, tulikusanyika kwa mwenzetu mmoja kuangalia. Wenzangu walishangilia Pogačar wa Slovenia akiondoka na kuwaacha wote. Mimi macho yalikuwa kwenye mlima wa Kimihurura uliotandikwa mawe, nikiangalia mikono ya waendeshaji inavyotetemeka, na kwenye watu waliojaa kandokando. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, na kurudi na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi. Wenzangu waliniuliza kama Tanzania kuna watu wanaoweza kuendesha hivyo. Niliwasimulia habari za kijana wa maziwa.

Likizo iliyopita nilirudi kwenye barabara ile ile, na kihisi changu. Karibu na njia panda tairi la nyuma lilipata pancha, nikasimama kwa fundi aliye chini ya mwarobaini, mzee, boksi lake la solusheni na viraka likiwa limewekwa juu ya kigoda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akigeuza baiskeli yangu juu chini kwa mkono mmoja, akashangaa wepesi wake. Kisha akakiona kihisi.

"Hiki kinapima nini, mwanangu?"

"Mtikisiko, mzee. Nataka kujua barabara inamtesa wapi mwenye baiskeli."

Akaendelea kukwangua tyubu kwa msasa. "Ungeniuliza mimi."

Akanihesabia. Pale darajani, wanaotoka upande ule wanakuja na spoku zilizokatika, kila mara upande wa kulia wa gurudumu la nyuma. Kwenye mteremko baada ya shule, rimu zinapinda. Kwenye kituo cha mizani ni tairi tu, vipande vya waya wa matairi ya malori. Alitaja sehemu kumi na moja, kila moja na ugonjwa wake. Nilitoa daftari nikaandika zote. Jioni nikafungua takwimu za kihisi: sehemu tisa kati ya zile kumi na moja zilikuwa kilele cha mtikisiko. Mbili sikuziona kabisa, mpaka nilipokumbuka kwamba pale nilikuwa nimeliacha bega nikaendesha kwenye lami ya magari, alfajiri, barabara ikiwa tupu.

Baba mdogo nilimsimulia hayo usiku tukiwa nje. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza daraja lipi, nikamtajia. "Hapo mimi nilivunjia magurudumu mawili," akasema. "Mwaka ule wa mvua nyingi, na pamba ikamwagika yote." Akaomba kukiona kile kihisi, akakishika chini ya mwanga wa simu, akakigeuzageuza.

Juni narudi na vihisi vitano. Kimoja kitafungwa kwenye keria ya kijana wa maziwa, kimoja kwenye baiskeli ya fundi, na baba mdogo amesema Foniksi yake bado ipo stoo, inahitaji tyubu mpya tu.